Flati Zisizorekebisha Picha: Jinsi ya Kujua Kama Kosa ni la Taa

Mpiga picha za anga huanza kuelewa thamani ya flati siku anapoichukua picha ya nebula hafifu, akauvuta mwangaza wake ili mawingu ya gesi yaonekane, na badala ya mawingu akakuta pembe nne zimeingia giza na katikati kumetapakaa pete za kijivu ambazo hazimo angani. Pete hizo ni vivuli vya chembe za vumbi zilizotua juu ya kichujio au juu ya kioo cha kihisi, na giza la pembeni linatokana na mirija, lenzi na adapta ambazo haziwezi kupitisha mwanga wote unaoingia kwa mshazari. Flati ni picha ya uso mweupe ulio sawa, inayopigwa kwa darubini ile ile, kwa fokasi ile ile na kwa kamera isiyoguswa, ili programu ipate ramani ya upungufu huo kisha iigawanye picha ya anga kwa ramani hiyo. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ugumu umo katika uso mweupe: utatoka wapi, uangazwe na nini, na mtu atajuaje kwamba kweli uko sawa?

Walio wengi huchagua kati ya vyanzo vitano, navyo ni anga la machweo au la alfajiri, kitambaa cheupe kilichokazwa mdomoni mwa darubini na kuelekezwa juu kungali na mwanga, skrini ya tableti au kompyuta, ubao wa taa za LED unaouzwa kwa ajili ya kunakili michoro, na paneli ya elektroluminesensi, yaani karatasi nyembamba inayowaka yote yenyewe inapopitishiwa umeme. Kila kimoja kinaweza kutoa flati nzuri, na kila kimoja kina namna yake ya kuziharibu. Mwongozo huu unaanza na dalili inayoonekana kwenye picha iliyokwisha kurekebishwa, kisha unarudi nyuma kutafuta sababu, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyokutana na matatizo haya: hakuna anayeamka akilalamika kwamba taa yake inapepesa, analalamika kwamba picha yake ina mistari. Mifano ya hesabu nimeifanya kwa darubini ya lenzi yenye kipenyo cha mm 80 na uwiano wa f/6, yaani urefu wa fokasi wa mm 480, kwa sababu ni aina ambayo waanzaji wengi wanayo.

Pembe bado zina giza, au zimegeuka kuwa angavu kuliko katikati

Dalili hii ndiyo inayowapeleka watu dukani kununua paneli mpya, ilhali mara nyingi paneli haina hatia. Kila kamera huongeza thamani fulani ya msingi katika kila pikseli hata pasipokuwa na chembe ya mwanga, na thamani hiyo lazima iondolewe kwenye fremu za anga na kwenye flati kabla ya kugawanya. Ikisahaulika upande mmoja, mgawanyo unatoka na jibu la uongo, na uongo huo unafanana kabisa na ule wa taa mbaya.

Tuchukue kamera ya biti 14, ambayo thamani yake ya juu kabisa ni 16383, na msingi wake tuseme ni 2048. Pembe zake zinapokea asilimia 60 ya mwanga unaofika katikati. Flati iliyofikia 8000 katikati ina mwanga halisi wa 5952 tu. Pembeni mwanga halisi ni 3571, na ukiurudishia msingi kamera inaandika 5619. Programu isipouondoa msingi huo itagawanya 5619 kwa 8000 na kupata 0.70 mahali pa 0.60, kwa hiyo itadhani pembe zimepungukiwa kidogo kuliko zilivyopungukiwa, na giza litabaki. Sasa tugeuze kosa: msingi umeondolewa kwenye flati lakini umesahaulika kwenye fremu za anga. Ikiwa anga limeongeza 500 juu ya msingi, katikati panasomeka 2548 na pembeni 2348; ukigawanya hiyo 2348 kwa 0.60 unapata 3913, na pembe zinawaka kuliko katikati. Kwa hiyo giza linapobaki, uchunguzi uanze kwenye flati. Pembe zinapong'aa, uanze kwenye fremu za anga.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kuigusa taa ni aina ya fremu zinazotumika kuuondoa msingi. Fremu za bayasi, zile zinazopigwa kwa muda mfupi kuliko wote ambao kamera inaruhusu, zinatosha kwa kamera nyingi za DSLR (za kawaida za lenzi ya kubadilishwa) na za CCD (aina ya kihisi cha zamani). Baadhi ya kamera za CMOS (aina ya kihisi iliyo mpya zaidi) zilizotengenezwa kwa ajili ya anga, hata hivyo, msingi wake hauko thabiti kwenye muda mfupi sana, na njia salama kwa hizo ni kupiga fremu za giza za flati, yaani kufunika darubini na kupiga kwa muda ule ule, ukuzaji wa ishara ule ule, ofseti ile ile (kipimo kinachopanga ule msingi uwe juu kiasi gani) na joto lile lile la kihisi lililotumika kwenye flati zenyewe. Ni kazi ya dakika tano. Ofseti ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu watu huibadilisha siku moja wakiwa wanajaribu jambo jingine, kisha hawakumbuki.

Hesabu ikishakuwa safi na dalili ikabaki, hapo ndipo mwanga unastahili kushukiwa, na mshukiwa wa kwanza ni mwanga uliopotea njia. Ubao wa taa wenye ukubwa wa karatasi ya A4, uliowekwa mbele ya lenzi ya mm 80, hutupa sehemu kubwa ya mwanga wake mahali pasipohusika. Baadhi hupiga ukuta wa ndani wa darubini kwa mshazari, hurukaruka, na hatimaye hutua kwenye kihisi bila kupitia njia ambayo nyota hupitia. Mwanga huo ukitapakaa sawasawa kihisi kizima, flati inakuwa tambarare mno na pembe zinabaki na giza. Ukijikusanya katikati kama duara la ukungu, katikati panarekebishwa kupita kiasi na pembe zinaonekana angavu. Dawa yake ni kadi nyeusi isiyong'aa, iliyokatwa tundu lenye kipenyo cha mdomo wa darubini au kikubwa kidogo, ikabandikwa juu ya ubao.

Wenye darubini za Newton, zinazotumia vioo badala ya lenzi, wana kazi ya ziada, kwa sababu mwanga unaweza kuingia kwa nyuma ya kioo kikuu na kwa pembeni mwa mrija wa fokasi. Funika mdomo kabisa, piga fremu ya giza ndani ya chumba chenye taa, kisha rudia huku mtu akizungusha tochi nyuma na ubavuni mwa darubini. Fremu mbili zikitofautiana, tundu lipo, na linaingiza mwanga kwenye flati na kwenye picha za usiku vilevile.

Upande mmoja umeng'aa kuliko mwingine

Hapa lazima kwanza tutenganishe mwelekeo wa mwanga ulio angani kweli na ule ulioingizwa na flati. Anayepiga picha Kinondoni akiitazama nebula ya Carina upande wa kusini, ambayo kwa Dar es Salaam haipandi zaidi ya nyuzi 37 hivi juu ya upeo, atapata anga lenye mwanga mwingi wa mji upande wa chini wa picha, na hakuna flati duniani inayopaswa kuuondoa mwanga huo. Unaondolewa baadaye, kwa zana ya programu inayokadiria mwanga wa nyuma na kuutoa. Kama mteremko wa mwanga unageuka kadiri nyota zinavyohama kutoka mashariki kwenda magharibi, ni wa anga. Kama unakaa palepale kwenye fremu usiku baada ya usiku, hata kwenye nyota nyingine kabisa, ni wa flati.

Ili kujua kama unatokana na chanzo cha mwanga, kuna jaribio moja ambalo ningependa kila mtu alifanye mara moja kwa kila chanzo anachokimiliki. Piga flati 20. Zungusha paneli nyuzi 90 bila kuigusa darubini wala kamera, kisha piga nyingine 20. Ondoa msingi kwenye makundi yote mawili, unganisha kila kundi kuwa flati moja, gawanya ya kwanza kwa ya pili, na uvute mwangaza wa matokeo hadi mwisho. Kwa kuwa vumbi, giza la pembeni na tofauti za pikseli zimo katika flati zote mbili kwa kiasi kile kile, vyote vinafutika, na kinachobaki ni tofauti ya paneli kabla na baada ya kuzungushwa. Ukiona chengachenga tupu, yaani punjepunje zisizo na mpangilio, paneli imefaulu. Ukiona mteremko, pima ni wa kiasi gani. Nusu asilimia inaweza kuvumilika kwenye makundi ya nyota angavu, lakini mahali ambapo mwanga wa mji umechangia asilimia 99 ya kila ulichokikusanya na nebula asilimia moja tu, kosa la asilimia moja kwenye flati linalingana na nebula yenyewe.

Watu wengi wakipata mteremko huo hudhani dawa ni kutafuta paneli inayong'aa sawasawa zaidi machoni kuliko waliyo nayo, ambayo ina doa hafifu pale na ukingo angavu hapa. Mara nyingi hawajatazama mahali penyewe. Darubini iliyofokasiwa kwenye nyota hukusanya miale kwa kufuata mwelekeo wake: pikseli moja hupokea miale yote inayokuja kutoka upande mmoja wa anga, na miale hiyo huingia kupitia kila sehemu ya lenzi ya mbele. Doa lililo kwenye paneli iliyogusa mdomo wa darubini kwa hiyo hugawiwa kwa pikseli zote, kila moja ikipata sehemu yake ileile. Asiyeamini abandike sarafu yenye kipenyo cha mm 20 katikati ya paneli na apige flati. Sarafu hiyo huziba asilimia 6 hivi ya eneo la lenzi ya mm 80, na flati nzima itafifia kwa kiasi hicho, lakini umbo la sarafu halitaonekana popote. Tofauti ndogo inaweza kujitokeza pembeni kabisa, mahali ambapo giza la pembeni limekwisha kukata sehemu ya lenzi, basi.

Kinachotakiwa, basi, ni paneli inayotoa mwanga ule ule kuelekea kila upande ambao kihisi kinauona. Kwa darubini yetu ya mm 480 na kihisi chenye upana wa mm 23.5, pande hizo zimetawanyika ndani ya nyuzi 2.8 tu, na karibu uso wowote mweupe unaotawanya mwanga unafaulu mtihani mwepesi kama huo. Hali hugeuka paneli inaposogezwa mbali. Ukipiga flati za ukuta mweupe ulio umbali wa mita 2, pikseli za kushoto na za kulia zinatazama sehemu za ukuta zilizopishana kwa sentimita 10 hivi, na taa iliyo upande mmoja wa chumba itaacha mteremko ulio wazi. Shuka jeupe lililotundikwa uani lina kasoro hiyo hiyo. Sogeza chanzo karibu, kiguse kofia ya umande (mrija mfupi unaoikinga lenzi ya mbele) kama inawezekana, na sehemu kubwa ya ugomvi huu itakwisha.

Lenzi za kamera zenye uwanda mpana ni habari nyingine. Lenzi ya mm 24 kwenye kihisi kamili, chenye upana wa mm 36, huona nyuzi 74 kwa upana, na kwa pembe kubwa kama hiyo skrini ya kompyuta hubadilika mwangaza na rangi kama inavyobadilika mtu anapoitazama kwa ubavu. Wapigaji wa Njia Nyeupe watahitaji kitawanya mwanga kilicho kizito, kama kipande cha plastiki nyeupe ya rangi ya maziwa kilichogusa lenzi, nyuma yake karatasi mbili tatu, na nyuma ya hizo anga la utusitusi. Hata hivyo jaribio la kuzungusha lifanywe, tena kwa nyuzi 90 na 180.

Mistari ya giza na mwanga inayokatiza flati

Mistari sambamba, minene au myembamba, inayohama kutoka flati moja hadi nyingine, ni dalili ya taa inayowaka na kuzimika kwa kasi kuliko jicho linavyoweza kuona. Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, kila mmoja ukiwa na vilele viwili, na balbu nyingi zinazoutegemea moja kwa moja hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ubao wa LED unaotumia waya wa USB haupepesi kwa sababu hiyo, lakini ukishapunguzwa mwangaza kwa kitufe chake, mara nyingi hufanya hivyo kwa kuzima na kuwasha LED mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na jicho husoma wastani. Kamera za CMOS nazo husoma safu za pikseli moja baada ya nyingine. Ukifungua shata la kielektroniki kwa 1/500 ya sekunde, safu moja itaikuta taa imewaka na nyingine itaikuta imezimika.

Dawa ni kuongeza muda. Kwa sekunde moja, taa ya mipepeso 100 imepepesa mara 100 kamili, na kipande cha mpepeso kilichobaki mwanzoni au mwishoni hakiwezi kuzidi sehemu moja ya mia. Kwa sekunde 3 hakizidi sehemu moja ya mia tatu. Ila muda ukiongezwa, flati inajaa. Usiipunguze taa kwa kitufe chake, maana kitufe ndicho kinacholeta mpepeso. Iache iwake kwa nguvu zote na uweke karatasi nyeupe za kawaida kati yake na darubini, moja baada ya nyingine, mpaka muda wa sekunde 1 hadi 3 uifikishe histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa mwangaza wa pikseli, mahali pake, kama itakavyoelezwa kwenye sehemu ya rangi. Nyuzinyuzi za karatasi hazina madhara, kwa sababu ile ile iliyoificha sarafu. Tableti nayo ifanyiwe hivyo hivyo: mwangaza wa juu kabisa, ukurasa mweupe, hali ya kulinda macho usiku ikiwa imezimwa, na karatasi juu yake.

Muda mfupi una ubaya mwingine usiohusiana na umeme. Kamera za CCD zenye shata la majani hufunguka kuanzia katikati kwenda nje, na kwa muda wa sehemu ya kumi ya sekunde umbo la majani hayo huchapwa juu ya flati kama ua hafifu. DSLR nazo, kwa kasi kama 1/2000, hutegemea mwanya mwembamba unaopita mbele ya kihisi, ambao mwendo wake si lazima uwe sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Flati zinazopishana mwangaza polepole, ya kwanza ikiwa 24000 na ya mwisho 22000 kwa kipimo cha biti 16, hazina ubaya wowote, kwa kuwa programu huzilinganisha kabla ya kuziunganisha. Betri inayoishiwa nguvu hufanya hivyo, na wakati wa mgao wa umeme betri ndiyo tegemeo. Tahadhari moja tu: benki nyingi za umeme za simu hujizima zinapoona mkondo unaotoka ni mdogo mno, na mtu anaweza kurudi akute flati 12 nzuri na 18 za giza totoro.

Rangi moja imerekebishika, nyingine haikurekebishika

Picha ikiwa na pembe nyekundu na katikati ya kijani, au ikiwa na mabaka ya rangi yasiyofuata umbo lolote, itazame histogramu ya flati kwa kila rangi peke yake. LED nyeupe si nyeupe kwa undani wake. Ndani yake mna LED ya buluu yenye kilele karibu na nanomita 450 na unga wa fosfori unaotoa utepe mpana wa kijani, njano na nyekundu kidogo. Kati ya viwili hivyo kuna bonde karibu na nanomita 480 hadi 490, na kupita nanomita 650 mwanga unapungua haraka. Paneli za elektroluminesensi ni bahili zaidi wa nyekundu. Kwenye kamera ya rangi, matokeo yake ni flati ambayo kijani kimefikia nusu ya kiwango na nyekundu iko moja ya kumi.

Nyekundu iliyo chini namna hiyo inaumia mara mbili. Kwanza, kosa dogo la msingi lililojadiliwa hapo juu, ambalo kwenye kijani lingekuwa halionekani, kwenye nyekundu linakuwa sehemu kubwa ya ishara, na pembe zinapata rangi. Pili, chengachenga za mwanga wenyewe haziepukiki: pikseli iliyokusanya elektroni 25,000 ina chengachenga za elektroni 158, sawa na asilimia 0.63, na flati 25 zikiunganishwa zinashuka hadi asilimia 0.13; pikseli iliyokusanya 2,500 tu ina asilimia 2, na ingehitaji flati mara kumi zaidi kufika palepale. Ndiyo maana napendelea rangi iliyo chini kabisa ifikie angalau robo ya kiwango, na iliyo juu kabisa isipite theluthi mbili, mahali ambapo kamera bado inajibu mwanga kwa uwiano ulionyooka. Usiamini histogramu iliyo nyuma ya DSLR kwa kazi hii, kwa sababu inaonyesha picha iliyokwisha kupakwa rangi na kamera. Ifungue faili ghafi kwenye kompyuta.

Pengo likiwa kubwa mno, skrini ya tableti ina faida ambayo ubao wa taa hauna: ukurasa unaweza kupakwa waridi hafifu hadi rangi tatu zikaribiane. Balbu ya kale ya uzi, au ya halojeni, ina tabia iliyo kinyume cha LED, nyekundu tele na buluu haba, na mwanga wake ukipigwa kwenye kadi nyeupe huwafaa sana wanaotumia vichujio vyembamba, yaani vile vinavyopitisha utepe mwembamba wa mwanga wa gesi moja tu. Haidrojeni alfa iko kwenye nanomita 656.3 na salfa iko 671.6 na 673.1, mahali ambapo LED nyeupe imechoka. Oksijeni iko 500.7, karibu na ukingo wa lile bonde. Wenye ubao wa LED wasishtuke, basi, kichujio cha salfa kinapodai sekunde 30 au zaidi kwa flati moja. Waondoe karatasi zote, wape muda unaohitajika, na wapige fremu za giza za muda huo huo.

Kuna pia picha nzima kugeuka rangi moja, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, baada ya flati kutumika. Hiyo si kasoro ya taa. Programu imegawanya rangi zote kwa wastani mmoja, na rangi ya taa imeingia kinyume chake kwenye picha. Siril, ambayo hupatikana bure, ina chaguo la kusawazisha rangi za flati kabla ya kugawanya, na hata bila hilo kusawazisha rangi ya nyuma baadaye kunatosha.

Flati za machweo zenye nyota, au zilizojaa

Anga la machweo ndilo chanzo kilichotegemewa na vituo vikubwa vya elimu ya nyota kwa miaka mingi, na kwa darubini ya Newton iliyo wazi pande zote bado silioni linalolizidi. Kwetu karibu na ikweta, hata hivyo, jua huzama karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo linafika nyuzi 6 chini ya upeo ndani ya dakika 24 au pungufu, na katika kipindi hicho mwanga wa anga hupungua nusu kila dakika tatu au nne. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Uingereza, ambako machweo ya Juni hujivuta hadi usiku wa manane, yatamfanya msomaji wa Mombasa akose nafasi yote. Weka kamera kwenye fokasi mapema, kwa nyota ya jana yake ikibidi, anza na vichujio vyembamba anga likiwa bado limeng'aa, fuata vya rangi, na umalize kwa kisicho na rangi. Alfajiri pindua mpangilio huo.

Elekeza darubini karibu na utosi wa anga, ikiwa imeinama nyuzi 15 hivi kuelekea upande ulio mkabala na jua, kwa kuwa hapo ndipo mteremko wa mwanga ulipo mdogo kuliko kwingine. Nyota zikianza kuingia, zima injini inayofuata nyota, sogeza darubini kidogo kati ya fremu na fremu, na uziunganishe kwa mediani, yaani thamani ya katikati ya kila pikseli, ili kila nyota itupwe. Mtu akikaza kitambaa mdomoni, bafta ya kanzu iliyokunjwa mara mbili inatosha vizuri, lakini jua lisikiguse kitambaa hicho moja kwa moja, na darubini isielekezwe kwenye jua kamwe, kitambaa kiwepo kisiwepo. Masika ikianza mwezi Machi, mpango huu wote huvunjika kwa wiki kadhaa, na ubao wa taa unapata kazi.

Vivuli vya vumbi vyenye ukingo mmoja angavu

Pete iliyobaki na giza kamili ina maana kwamba flati haikuwa na kivuli hicho, au haikutumika. Pete yenye ukingo mmoja wa giza na mwingine wa nuru, kama muhuri uliobonyezwa kwenye karatasi, ina maana kwamba kivuli kimo katika fremu zote mbili lakini kimehama: kamera ilizungushwa, gurudumu la vichujio halikurudi mahali pake, au vumbi lenyewe liliteleza. Kubadilisha chanzo cha mwanga hapa ni kujichosha.

Ukubwa wa pete unasema vumbi liko wapi. Zidisha kipenyo cha kivuli kwa uwiano wa f, na utapata umbali wake kutoka kwenye kihisi. Kwa pikseli za mikromita 3.76 na darubini ya f/6, kivuli cha pikseli 200 kina upana wa mm 0.75, na vumbi lake liko mm 4.5 kutoka kwenye kihisi, yaani juu ya kioo kinachokifunika. Kivuli cha pikseli 600 kina mm 2.26, na vumbi lake liko mm 13.5 mbele, ambako kwa kamera nyingi ndiko kichujio kilipo. Hapo kichujio kitolewe, kipulizwe kwa pampu ya mpira, kirudishwe, na flati zipigwe upya kabla ya usiku unaofuata, kwa kuwa zile za jana ni za kamera yenye vumbi jingine.